Nafasi ya Kidole Gumba

Limeletwa alfajiri, likivutwa kwa kamba na trekta la pamba,
gari la magurudumu manane lisilojua barabara,
tope la Kyoga limeganda mpaka kwenye kiti cha mkunga.
Okurut, dereva, anasema lilianza kugonga Jumanne,
kwata, kwata, kwata, chini ya sakafu,
naye akaongeza sauti ya redio.

Redio haikazi mnyororo, Okurut.

Nafungua sakafu. Bolti kumi na sita:
mbili zimeliwa na kutu, moja haipo,
pengine iko tumboni mwa kambare.
Ndani, minyororo imelala kama mbwa wa mchana,
imejaa mchanga na nyuzi za mafunjo,
na ubavuni mwa bati kuna mstari unaong'aa
pale ilipokuwa ikichapa, ikichapa,
ikiomba kusikilizwa.

Ebiru, mwanangu, anashika spana namba kumi na saba.
Miaka kumi na tisa, mabega ya baba yake.
Anakaza kama mtu anayemfunga mbuzi wa wizi.
Mnyororo unanyooka, ukiguswa unalia kama waya.
"Tayari, mama."
Hapana. Legeza.

Baba yangu alikuwa fundi wa kambi.
Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kifupi, hakina tafadhali,
na kwa hicho alinifundisha; ndiyo maana mpaka leo
napika kwa Kiteso, nafungua injini kwa Kiswahili.
Kamba hukatikia pembamba, alisema, lakini hiyo ni kamba.
Mnyororo hukatikia ulipokosa pa kupumulia.
Ukiubana mno, unakula beringi.
Ukiuachia mno, unaruka meno,
na ukiruka meno katikati ya maji
utapiga kasia kwa sufuria.

Sasa zungusha gurudumu, namwambia. Polepole.
Mnyororo mzee haulegei sawasawa,
una mahali palipovutika na mahali palipobaki pagumu.
Tafuta pale unapobana kuliko kote,
ndipo upime.
Usipime panapokupendeza.

Anazungusha. Jasho linadondokea ekseli.
Halafu, bila kuinua uso:
"Mama, wale watu wa Dubai wamepiga simu.
Kazi ya ulinzi. Miaka miwili."

Mahali fulani mtu anagonga bati.
Sista Amongin amekaa juu ya tairi bovu,
boksi la chanjo magotini,
na barafu yake haingoji mambo ya nyumba yetu.

"Zungusha tena," nasema.

Naingiza gumba la kushoto chini ya mnyororo
(la kulia lilibaki Soroti, mwaka wa mvua kubwa,
ndani ya mashine ya kukoboa mpunga).
Linaingia, linagusa, linatoka.
Hapo. Hapo hapo. Funga nati.
Wa pili vilevile. Wa tatu unatusumbua,
umerefuka hadi kikazio kimefika mwisho wa njia yake,
tunalazimika kung'oa pini, kutoa pete moja,
kuunganisha tena, kupaka oili kwa brashi ya viatu.
Wa nne, mzima. Hata mimi nashangaa.

Saa tatu gari linashuka gatini Bugondo,
linaingia majini bila kusita,
mafunjo yanafunguka, yanajifunga nyuma yake.
Nasimama ukingoni na spana mkononi, nasikiliza
kama kuna kwata.
Vyura. Na redio ya Okurut, mjinga yule.

Ebiru ananawa mikono kwa mafuta ya taa,
kidole baada ya kidole, muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.
Mfukoni nina ile pete tuliyoitoa,
naigeuzageuza, bado ina joto la nyundo.

"Hiyo miaka miwili," namuuliza,
"inaanza kuhesabiwa lini?"