Chuma Hakikuyeyuka

Mhandisi alimweleza Sevda jikoni, Tabriz,
chai ikipoa:
chuma hakikuyeyuka, bibi.
Kililegea tu. Nyuzijoto mia sita,
na nusu ya nguvu imekwenda.

Mihimili ilitanuka kwanza, ikazisukuma nguzo nje;
kisha ikanepa, kama kamba ya kuanikia
iliyotwishwa zulia lililolowa,
ikazivuta ndani.
Sakafu ya kumi na moja ikaiangukia ya kumi,
ya kumi ikai—

Sevda akainua kiganja.
Na ile plasta ya kukinga moto?

Ilibanduliwa, akasema akitazama sukari,
mwaka ule wa kupitisha mabomba ya gesi.
Haikurudishwa.
Nani angeiona, juu ya dari?

Mlangoni, ndara za Behruz
zimeelekea ndani.