Gauni la Tabitha

Foleni ilianza alfajiri, Barabara ya Saba,
upepo wa Dodoma unatumwagia vumbi usoni,
mlinzi anagawa namba kwenye vipande vya boksi.
Yangu ilikuwa sitini na moja.

Ndani, kwenye kila lebo, jina lake,
Tabitha Ndahani, kwa uzi wa dhahabu,
na chini yake jina la duka,
kubwa kuliko lake.
Dar gauni lake ni laki nne na nusu.
Hapa elfu thelathini na tano, saizi zote,
mpaka ya kwangu.

Mpika chai wa wizarani alichukua la kijani.
Mke wa bosi wake naye, la kijani.
Wakakutana kwenye kioo kimoja.
Aliyecheka kwanza ni yule wa chai.

Mimi nililigeuza nje ndani.
Fundi hasomi lebo, husoma mshono.
Upindo wa harakaharaka, uzi mmoja,
zipu ya Jumapili mbili tu.
Lakini mfuko! Mfuko wa ubavuni, wenye kina,
unaomeza daftari la vikoba na funguo zake:
huo nilimfundisha mimi, Majengo,
mwaka alioniharibia vitenge saba
na sikumfukuza.

Nikalinunua. Sikumpigia simu.
Usiku nimefumua zipu, nimetia ya chuma,
na nje ya kibanda nimeandika kwa chaki:
TUNAREKEBISHA MAGAUNI YA TABITHA.

Zabibu hazijaiva bado,
na wameshaleta manne.