Chembe ya Tatu

Saa moja na robo, kabla ya chai,
nalitoa kabatini titi lisilo na mwenyewe:
kipande cha plastiki, unene wa vidole vitatu,
halijanyonyesha, halijauma, halina kadi ya bima.
Ndani yake mtu wa kiwandani alizika siri:
nyuzi, vivimbe,
na makundi ya chembe kama chumvi
iliyomponyoka mpishi.
Naliweka juu ya bamba, nashusha kibano,
naingia nyuma ya kioo, nabonyeza.

Kazi yangu, ukiniuliza, ni kuhesabu.
Nyuzi nne zionekane. Vivimbe vitatu.
Chembe, makundi matatu; si mawili na labda.
Labda haina safu kwenye daftari.

Leo nyuzi, nne. Vivimbe, vitatu.
Chembe: kundi la kwanza, la pili,
la tatu nakodoa, nazima taa, nasogea
mpaka pumzi yangu yatia ukungu kiooni.
Hapana kitu.

Nje, kwenye benchi, wako kumi na mmoja.
Wametoka Mtongwe, Miritini, Bamburi;
mmoja ameamka saa kumi
kuvuka feri na mjukuu mgongoni.
Waliambiwa wasijipake poda wala manukato,
nao, katika mji huu wa asumini, wametii,
wamekuja wakinukia sabuni ya kipande tu.

Metroni Sidi aja, funguo kiunoni:
"Piga tu, Mwanaisha. Mashine yawaka, taa ya kijani."
Yawaka, naam.
Hata jicho lenye mtoto wa jicho
hufumbuka asubuhi.

Simwambii ya mwaka jana, mwezi wa Machi,
wiki ambayo daftari lina alama za vema zinazofanana,
siku zote tano, kama zilizotiwa kwa pumzi moja.
Sikuwa zamu. Ndivyo nijiambiavyo.
Mwalimu Kadzo alipewa karatasi: hakuna kilichoonekana.
Akafurahi, akalinunulia darasa lake kaimati.
Kweli tupu, karatasi ile.
Hakuna kilichoonekana.

Natoka, nasimama mbele ya benchi,
nasema mashine haioni vizuri leo.
Miguno. Mmoja ataja nauli.
Mwingine: si ningebaki na biashara yangu.
Ndipo yule wa mjukuu, Bi Nyevu, asema
bila kuinua macho:
"Mwacheni. Mizani yangu pale Kongowea yapigwa muhuri kila mwaka,
na mimi napima mbatata.
Huyu apima nini?"
Hakuna aliyejibu.
Watano waliondoka hata hivyo.

Fundi Mwinyikai, kwa simu: joto la chumba, jana usiku?
Nashuka kwa bawabu. Alizima kiyoyozi saa tatu,
amri ya ofisi, bili ya stima.
Na hii ni Februari, kuta zatoka jasho,
na chumvi ya hewani iliyokula mabati ya babu zetu
sasa yaonja mashine, polepole, bila kelele.
Twangoja chumba kipoe.
Twasawazisha, picha tupu baada ya picha tupu.
Nafuta kibano kwa kitambaa laini.

Saa tisa na dakika kumi, titi la plastiki tena.
Nyuzi nne, ya tano yachungulia.
Vivimbe vinne.
Chembe: la kwanza, la pili,
na hapo, pembeni, nukta tano au sita,
nyeupe, ndogo, hazina haya,
na chembe cha moyo wangu kikalegea.
Naandika saa, joto, jina langu lote.
Juu ya swichi nabandika karatasi: USIZIME.

Bi Nyevu ndiye wa kwanza. Mjukuu nampa metroni ambebe.
"Baridi," asema, bamba limgusapo. "Tena labana."
"Labana," namjibu. "Shusha bega. Usipumue."

Jioni nawapigia simu wale watano.
Wanne watarudi Jumanne.
Wa tano, wa Miritini, sauti ile ile isiyochoka:
mteja hapatikani kwa sasa.
Napiga tena.