Udongo Ungali Maji

Daktari wa mahakama amekuja na kinasa sauti,
amekiweka juu ya kitambaa changu cha meza,
karibu na bakuli la sukari.
"Mwalimu Drahomíra, alikuwaje alipokuwa mdogo?"

Alikuwa mdogo. Hilo ndilo jibu.
Miaka saba, na viatu vya kaka yake
vilivyojazwa magazeti mbele, mguu usiogelee.
Darasa la pili, dawati la dirishani,
upande unaotazama dohani ya tanuri la matofali
alikofanya kazi baba yake, Hynek,
mtu wa viganja vipana,
aliyenivulia kofia kila Jumapili.

Januari ile mto Odra uliganda hata mawe yakalia.
Watoto walivua glavu, wakazitandaza juu ya hita,
darasa zima likanuka sufu mbichi.
Bohumír hakuvua.
Nilimwambia, vua, utaandikaje?
Akaandika nazo, herufi kubwakubwa, zimelewa.
Nikamvua mimi, kwa nguvu kidogo,
kama mtu amenyaye yai.

Alama za duara, zimepangwa
mithili ya vifungo vya koti,
kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Hakulia.
Alinitazama kama mtu atazamaye saa ya ukutani
kujua umebaki muda gani.

Nikamvisha tena glavu zake, kidole kwa kidole.
Nikageukia ubao, nikaandika: saba mara nane.

Udongo uwahi ungali maji, wamesema waliosema.
Hynek aliuwahi.
Aliuwahi kwa mkanda, kwa sigara,
kwa stoo ya makaa iliyofungwa kwa nje
tangu magharibi hadi honi ya zamu ya asubuhi.
Kilichokuwa laini kikashika alama ya kidole gumba,
kikaingia motoni, kikatoka kigumu
na alama yake ndani.

Daktari anaandika haraka. Ameipenda sentensi hiyo.
Naiona tayari iko mahakamani,
imefungwa vizuri kama kifurushi cha posta.
Ngoja, namwambia. Weka kalamu chini.

Palikuwa na Radovan, mwenye viatu.
Stoo ileile. Mkanda uleule, tena yeye ndiye aliyeanza kuuonja.
Radovan anaendesha tramu Brno.
Hunitumia kadi kila Krismasi; mwaka jana aliandika
kwamba bado halali mlango ukifungwa,
na kwamba bintiye amejifunza kupiga mluzi.
Matofali mawili ya tanuri moja, daktari.
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne
na hii hainitokei.

Andika na hawa, maana gazeti liliwaita "wale watatu":
Zdislava, muuza tiketi stesheni, aliyejifunza Kiitaliano
kwa kitabu alichokificha chini ya kaunta.
Květa, mshonaji, mama wa mapacha.
Ludmila, miaka kumi na tisa,
mguu mmoja mfupi, na dansi hakukosa.
Hawakumchoma mtu. Stoo ile hawakuijua.
Kovu la mtoto si hati
ya kumiliki shingo za watu.

Anauliza kama nina la kuongeza.
Utepe unazunguka. Nje, tramu ya saa kumi inapita
na vijiko vinatetemeka kwenye visahani.

Polisi walishangazwa na jambo moja, nasema.
Ilikuwa Julai, lami inayeyuka,
na wote watatu walikutwa wamevishwa glavu za sufu,
taratibu, kidole kwa kidole.
Wataalamu wako wameandika kurasa ngapi juu ya hilo?

Mimi nilisoma mstari ule nikiwa jikoni,
nikakaa sakafuni, viazi vikaungua.

Mkanda ulikuwa wa baba yake.
Hiyo ya glavu, daktari,
aliisoma kwangu.