Ramani Nyuma ya Bili ya Stima

Nimeichora nyuma ya bili ya stima
kwa kalamu ya Dama inayovuja wino:
Malindi hadi Marafa, na tela letu nyuma,
tela la kulala watu watano, lenye jiko na kabati,
alilouziwa Chengo na Mtaliano aliyekuwa akifunga virago.

Gari na tela pamoja, futi thelathini na tisa.
Nimepima mwenyewe kwa kamba ya kuanikia nguo,
jirani akiniuliza dirishani kama tunahama.
Kimo, futi tisa na shubiri.
Hiyo shubiri ndiyo inayoninyima usingizi.

Chengo anasema barabara ni barabara,
malori ya chumvi hupita kila siku.
Namwambia, lori la chumvi lina dereva wa chumvi.
Wewe umeendesha Probox miaka kumi na mmoja
na kioo cha kushoto hujawahi kukitazama.

Basi jana nilipanda bodaboda ya Lugo,
nikaipita njia nzima nikihesabu.

Sokoni tusipite.
Kuna mwarobaini umeliinamia duka la simu;
tawi la chini nililishika kwa mkono
nimesimama juu ya pikipiki,
Lugo akimwomba Mungu kwa sauti.
Tuzunguke, dakika nane zaidi.
Dakika nane ni bei ya paa.

Daraja la Sabaki, mwendo wa thelathini, usipite mtu.
Upepo pale hupiga ubavuni,
na tela lina ubavu kuliko akili.

Matuta: Lugo aliapa ni tisa. Ni kumi na manne.
Mawili hayana rangi. Nimeyatia duara.

Kona ya kuingia bara usiikate.
Gari litapita, utafurahi,
na tela, lifuatalo kwa njia yake fupi,
litaizoa meza ya mama wa viazi karai
na karai lake la mafuta ya moto.
Nenda mbele mpaka uhisi umepitiliza,
hapo ndipo ugeuze.

Na popote tutakaposimama, pawe na pa kutokea.
Waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani
hawakuwahi kuvuta tela.
Tela halina marejeo mpaka lipate uwanja.
Ukirudi nyuma, usukani kulia, lenyewe kushoto,
kama mtoto aliyekatazwa.

Nilidhani nimemaliza.
Ndipo Mama, aliyekuwa akichambua mchicha
kana kwamba safari ni ya watu wengine,
akauliza, "Na kwa baba yenu mtapitia wapi?"

Kaburi la Baba liko kwa Nzai.
Njia ya mchanga kati ya nyua mbili za mkonge,
upana wa mkokoteni na nusu,
mwisho wake kisima.
Nilipapita na Lugo. Sikupaandika.

Nikamweleza: futi thelathini na tisa, Mama.
Hapana pa kugeuzia.
Akatupa shina la mchicha kwenye ungo.
"Sita mlilala mkeka mmoja," akasema,
"na kila mtu alipata pa kugeukia."

Usiku Chengo akaichukua kalamu bila kuombwa.
Mwandiko wake, kuku akiparura:
*Kituo cha mafuta. Fungua tela.
Mawe chini ya magurudumu, mbele na nyuma.
Lugo alilinde, apewe chai.
Gari peke yake kwa Nzai.
Muda:* — hapo akasita, wino ukafanya doa —
*atakavyo Mama.*

Nimeigeuza karatasi.
Wino umepenya hadi upande wa pili;
daraja letu limekaa juu ya deni la mwezi wa tatu.

Alfajiri, kitanda upande wake kilikuwa kitupu.
Nilimkuta garini, taa ya ndani ikiwaka,
shingo kaipinda,
anakisogeza kioo cha kushoto, kidogo,
anakitazama,
anakisogeza tena.