Wanaorudi, nambari 12/60

Jumatano, Machynlleth, ukumbi wa kanisa.
Meza ya kukunja, taa, kioo cha kukuzia,
na foleni ya watu wenye mifuko ya plastiki,
kila mfuko umeficha milionea mmoja.

Mimi ndiye mtaja bei.
Tangu saa tatu nimevunja mioyo kumi na minne:
sahani ya harusi ya kifalme (zilitengenezwa kama mchanga),
stempu zilizobandikwa kwa gundi ya shule,
gari la bati lililopakwa rangi upya na mume mwenye upendo
na brashi nene. Upendo ule umekula paundi mia mbili.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakukaa mnadani siku ya mvua.
Kizuri hukaa tu. Husubiri wawili wanaokitaka,
chumba kimoja, saa moja, wote wakaidi.
Hiyo ndiyo bei. Mengine porojo.

Halafu Bi Eluned Parry, miaka themanini na mmoja,
akafungua taulo la vyombo.

Chapa ya shaba. Kidole kilijua kabla ya jicho:
ukingo wa bamba umeacha bonde jembamba kwenye karatasi.
Penseli chini kushoto, 12/60. Kulia, sahihi ya Idwal Pugh,
mchongaji wa ng'ambo ya mlima, aliyekufa akidaiwa kodi.
Nikaigeuza. Nikaiinua kwenye taa kutafuta alama ya maji.
Madoa ya kutu, machache, kama chai iliyorushwa.
Pambizo, alhamdulillahi, hazijakatwa.
Wachimba mawe wanatoka machimboni jioni:
kofia, mikebe ya chakula, migongo.

"Paundi themanini," nikasema. "Tisini, kukiwa na jua."
Hakucheka.
"Na zikiwa mbili?"

Nikaweka kioo chini.
Kwetu kanga huuzwa doti,
na anayekata doti anajua anachokikata.
Nikamwambia: Pugh alichapa jozi, Asubuhi na Jioni.
Jozi kamili sijaiona ila kwenye daftari la mnada wa zamani.
Jozi ni mia sita. Labda na ushee.

"Asubuhi iko Wrexham," akasema. "Kwa Gwenno.
Tuligawana mama alipozikwa, na hatukugawana vizuri.
Yeye alichukua wanaoingia.
Mimi nikachukua wanaorudi."
Kisha akaelekeza ukucha, bila kugusa karatasi:
"Hesabu."

Nikahesabu. Wanane.

"Kwa Gwenno wako tisa."

Nyuma yake mtu akakohoa,
kapakata saa ya ukutani kama mtoto mchanga.
Miaka ishirini na sita natazama karatasi kwa kioo,
natafuta kilichopo: wino, nyuzi, sahihi, tundu la mdudu.
Sijawahi kuulizwa bei ya mtu asiyekuwamo.

Nikajaribu kurudi kazini. Nikataja bima,
nikataja fremu mpya, kadibodi isiyo na asidi,
usiitundike mkabala wa dirisha. Na mwanao, je?
"Rhodri ataiuza kabla kahawa ya mazishi haijapoa.
Andika themanini."
Nikaandika themanini.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yenye daftari nayo hupotea, ila kwa risiti.

Akaiviringishia taulo lake, kona kwa kona,
kana kwamba wale wanane wangeamka.
Basi lake saa tisa na dakika ishirini.
Mlangoni akageuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:
kuituma hii Wrexham, kwa rejista, ni kiasi gani?

Bei hiyo niliijua kwa kichwa.