Ukingoni mwa Ukurasa

Katekista Bwire kanifungulia kabati.
Mchwa wamekula mwaka wa thelathini hadi katikati.
"Jina?" Malegesi. "La ubatizo?" Sijui.
Wilayani Nansio walishanijibu: hatuna,
enzi hizo hatukuandika watu, tuliandika kodi.

Nyumbani tunahesabu kwa nzige, kwa njaa,
kwa mwaka ziwa lilipopanda hadi mihogoni.
Babu alizaliwa nzige walipotua. Alizama akivuka.
Mwili haukuonekana; wakazika mgomba,
na bibi, mke wa mbuzi sita, si wa pete,
akanyoa nywele.

Huyu hapa. Namba 412. Patrisi Malegesi.
Mama: Nyabuso. Baba: nafasi tupu.
Wino umegeuka rangi ya chai.

Ukingoni, kwa mwandiko mwingine, mwembamba:
ameoa, Kisumu, Februari 1956,
na jina la mwanamke nisiloweza kulitamka.

Ndiyo kanuni, anasema Bwire,
ndoa hurudi kuandikwa penye ubatizo.
Barua ilifika, basi. Mtu aliisoma,
akachovya kalamu, akafunga kitabu.

Na bibi alikuwa akija misa kila Jumapili,
benchi la tatu,
hatua kumi na nne kutoka kabati hili.

Nimezihesabu.